Kura Iliyoangukia Benchi la Wanawake

Kaka yangu Ivan Nolt akishaanza kubishana juu ya Biblia haachi mpaka mtu aombe radhi, na mimi kuomba radhi sijui. Ndiyo maana mkewe, Edna, akitualika kwa chakula hunikalisha mwisho kabisa wa meza, mbali na mume wake, karibu na bakuli la bitiruti za siki. Haisaidii kitu. Sauti yangu inafika.

Wiki ile ya kura tulikuwa kwao, mimi na mume wangu Phares. Kanisa letu halikuwa na mhubiri tangu mzee Aaron afariki wakati wa theluji, na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kumpata mwingine. Waumini tulikwishapita mmoja mmoja kwenye chumba kidogo cha nyuma, kila mtu akamnong'oneza askofu jina la mwanamume anayemwona anafaa. Wanawake nao walipita, kunong'ona tumeruhusiwa. Majina sita yakatoka. La Ivan lilikuwemo, na mimi ni mmoja wa waliolinong'ona, maana nilijua anaitaka kazi ile mpaka usingizi haumjii, ingawa kwetu kuitaka ni aibu na asingethubutu kusema. Na la mume wangu lilikuwemo. Hilo mimi sikulinong'ona. Aliyelinong'ona simjui, na ningemjua tungesemezana.

Sasa fikiria mwenyewe. Vinawekwa mezani vitabu vya nyimbo, hesabu sawa na wanaume. Ndani ya kimoja kuna kikaratasi. Kila mmoja anachukua kitabu chake, askofu anavifungua, na mwenye kikaratasi ndiye mhubiri kuanzia dakika ile mpaka azikwe. Mshahara hakuna. Karatasi ya kusomea hakuna. Ni kusimama mbele ya watu kila Jumapili na kusema, na ng'ombe wanakungoja nyumbani wakamuliwe.

Na Phares wangu ana kigugumizi. Sisemi kile cha kusitasita kidogo. Nasema kile cha kukaba koo mpaka mishipa inatoka shingoni. Kiangazi kilichopita tulikuwa kwenye harambee ya kujenga zizi la akina Hoover, wanaume wote wa kanisa na nyundo zao, na mchana wakamwomba Phares aombee chakula. Akasema "B-B-Ba," akakwama hapo hapo kwenye Baba. Watu wameinamisha vichwa, supu inapoa, neno halitoki. Vijana wakaanza kucheka chini kwa chini, na mtoto mmoja wa Ivan akamwiga. Mimi nikasema "Amina!" kwa sauti kubwa ili yaishe. Phares akakaa, hakugusa chakula, na tangu siku ile hajaomba kwa sauti nje ya jiko letu. Nikaapa kwamba hakuna mtu atakayemcheka tena mume wangu. Kuapa kwetu ni marufuku, Bwana alikataza, kwa hiyo tuseme niliazimia kwa nguvu sana.

Basi pale mezani kwa Ivan nilikuwa na hasira zangu tayari, na yeye akazichokoza.

"Biblia haina kosa, Lavina," akasema, kidole juu. "Hata nukta. Na kura imo ndani ya Biblia. Kwa hiyo kura haina kosa."

"Imo kama habari, kaka. Wametusimulia Mathiya alivyopatikana kwa kura awe mtume. Wapi imeandikwa, na ninyi fanyeni hivyo hivyo?"

"Mitume walifanya! Inatosha!"

"Aa, inatosha? Petro naye alikuwa akivua samaki hana nguo. Yohana kaandika, na kitabu hakina kosa. Jumamosi ukishuka mtoni na ndoano zako, utaanza na suruali au na shati?"

Edna akapaliwa na kahawa. "Wifi! Watoto wanasikia."

"Waache wasikie. Si Maandiko?"

Ivan akawa mwekundu mpaka masikioni. "Wewe unafanya mzaha na Neno la Mungu."

"Sifanyi mzaha hata kidogo. Kitabu hakina kosa, nimekubali, leta mkono tupeane. Lakini anayekisoma je? Wewe unakisoma kwa miwani, tena iliyovunjika sikio moja ukaifunga uzi."

"Amri ni amri. Unaisoma, unaitii. Ukianza kusema hii ni habari, ile ni mfano, hii ilikuwa ya watu wa Korintho, utajikuta huna amri hata moja mkononi."

"Na ukizishika zote bila kuuliza ni za nini, utajikuta unavua samaki uchi."

"Phares," Ivan akamgeukia mume wangu, "hebu sema na mkeo."

"M-m-mimi naona k-kwamba—"

"Anaona kama mimi," nikasema, nikampitishia pai ya matofaa.

Ivan hakukubali kushindwa na pai. Akasema kura ikianguka imeanguka. Kwamba hata mkono wa mtu ukiteleza, Mungu hatelezi, bali anautumia mkono huo huo ulioteleza. Kwamba katika kura hakuna bahati wala ajali, kuna Mungu tu. Alisema vizuri, nisimnyime haki yake. Ukimsikiliza unaona kabisa kwamba mtu huyu alizaliwa asimame mbele ya watu. Kisha akaharibu. "Isitoshe," akasema, "imeandikwa wanawake wanyamaze."

"Kanisani, Ivan. Hapa ni jikoni, na sahani hizi nitaziosha mimi."

Njiani, farasi akitembea taratibu, nilimbembeleza Phares. Amwendee askofu kabla ya Alhamisi, amwambie ukweli, kwamba kinywa chake hakiwezi. Mtu anaruhusiwa. Askofu Elam ni mzee wa huruma, angemtoa mara moja.

"N-nimeitwa, L-Lavina," akasema. "Siwezi k-ku—"

"Kukataa. Najua. Lakini utafanyaje ukikwama? Watakucheka."

Akavuta hatamu. Mimi nikasema mengi zaidi, mpaka langoni kwetu.

Alhamisi ikafika na jua lake. Madirisha ya kanisa yalikuwa wazi yote, joto la Juni, nzi na harufu ya majani yaliyokatwa. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, kama siku zote. Kabla ya ibada zikaja habari kwamba mmoja wa wale sita, Amos Brubaker, amepatwa na mawe ya figo na amekimbizwa hospitali kwa gari la kukodi, maana sisi magari hatumiliki, akipiga kelele njia nzima. Kwa hiyo wakabaki watano. Nikaona askofu na shemasi Menno wanaingia chumba cha nyuma, wanatoka, wanarudi, wananong'onezana. Shemasi Menno akapita kwenye benchi letu na kitabu kimoja cha nyimbo. "Hapa vimepungua," akasema, akaniachia. Nikakiweka mapajani, sikukitazama. Macho yangu yalikuwa mbele, kwenye shingo ya mume wangu.

Vitabu vitano mezani, kila kimoja kimefungwa ukanda wa mpira. Wanaume wakasimama mmoja mmoja, wakachagua, wakarudi kukaa. Ivan alichukua chake kwa mikono miwili. Phares alichukua kilichobaki mwisho.

Askofu Elam akaanza kufungua. Cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tatu kilikuwa cha Ivan. Askofu akapekua kurasa, akamrudishia, na mimi nikaona mgongo wa kaka yangu unashuka kidogo kidogo. Cha nne, hakuna. Jamani! Kimebaki kimoja na ni cha Phares! Edna akanishika mkono. Benchi zima walinigeukia kwa macho yale ya pole ambayo mke wa mhubiri hupewa siku ya kwanza, akajua maisha yake ya zamani yamekwisha. Nikafumba macho. Nikasikia mpira unavutwa, kurasa zinapekuliwa. Zikapekuliwa tena.

"Hakuna," askofu akasema.

Nikafumbua macho. Askofu alikuwa amekigeuza kitabu chini juu na anakitikisa. Hakikudondoka kitu. Akavirudia vitabu vyote vitano, na watu wakaanza kutazamana. Kwa umri wangu wote sijapata kusikia kura isiyomwangukia mtu. Hata wazee hawakuwa wamesikia.

Ivan ndiye aliyesimama. "Askofu, kura haina kosa. Kama hakuna kikaratasi, basi Bwana ajuaye mioyo ya watu ametazama mioyo yetu mitano, na amesema hapana. Kwa wote."

Askofu Elam akapangusa paji la uso. "Huenda ni hivyo, Ndugu Ivan," akasema. "Huenda turudi nyumbani tukafunge na kuomba, tungoje mwaka mwingine. Tuimbe kwanza, halafu niamue."

Mimi ndani yangu nilikuwa nacheza. Mwaka mwingine! Kwa mwaka mzima wataletwa wahubiri wa kuazima kutoka bonde la pili, na Phares wangu atakuwa salama na ng'ombe wake. Nikafungua kitabu changu niimbe kwa roho moja.

Kikaratasi kilikuwa kimelala katikati ya kurasa, cheupe, kimeandikwa kwa mkono wa askofu mwenyewe: Wewe, Bwana, ujuaye mioyo ya watu wote.

Nikakifunga kitabu pa! Nikakikalia.

Nilielewa papo hapo. Kikaratasi walikitia vilipokuwa vitabu sita. Amos alipougua wakapunguza kimoja, na katika vyote wakapunguza hicho hicho, wakatoa mpira, na Menno kwa mkono wake mwema akaja kunipa mimi. Nisiposema, kura haikumwangukia mtu, na mume wangu yuko huru. Nikisema, itajulikana ni kosa, vitabu vitapangwa upya, na Phares atarudi kwenye hatari. Na kunyamaza nimeamriwa! Mtume mwenyewe ameandika. Nawaambieni, ile amri ya wanawake kunyamaza nimegombana nayo tangu nivae gauni refu, lakini asubuhi ile niliipenda sana. Niliona ni amri nzuri, ina hekima, haina hata nukta ya kosa.

Nikaimba. Nikaimba ubeti wa kwanza na wa pili, nimekikalia kitabu, nachungulia kwenye kitabu cha Edna. Na katikati ya ubeti wa tatu nikamtazama Phares ili nifurahi naye.

Hakuwa akifurahi. Hakuwa akiimba, naye kwenye wimbo hashikwi na kigugumizi hata mara moja, kuimba ndiko raha yake. Alikuwa ameinama, ameshika magoti yake, na mashavu yamelowa. Mume wangu hakulia hata siku ile ya zizi. Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulinichoma: alikuwa ameamini maneno ya Ivan. Aliamini kwamba Mungu amechungulia moyoni mwake na hakuona cha kumfaa. Na mimi, mke wake, nilikuwa nimekalia ushahidi kwamba ni uongo.

Nikachukua kitabu, nikasimama. Edna akanivuta gauni. "Lavina, unakwenda wapi?"

"Kutii Maandiko," nikamwambia, nikatoka kwa mlango wa wanawake. Nikazunguka jengo, nikapita farasi waliofungwa, nikafika dirisha la mbele karibu na askofu. Lilikuwa juu kidogo. Nikapanda kwenye ndoo ya kunyweshea farasi, nikatia kichwa.

"Askofu Elam!"

Wimbo ukakatika vipande vipande.

Ivan akaruka. "Dada Lavina! Imeandikwa—"

"Imeandikwa kanisani, na mimi sipo kanisani, niko juu ya ndoo. Askofu, kikaratasi hiki hapa. Kilikuwa kwenye kitabu alichoniletea shemasi. Kosa limefanyika, si kwamba Mungu amewakataa. Ndilo nililotaka kusema, na sasa nanyamaza."

Sikunyamaza, lakini nilijitahidi. Shemasi Menno akaja dirishani, akakichukua, akawa mweupe kama kile kikaratasi. Akaeleza mbele ya wote, akijipiga kifua: vitabu sita, Amos, kupunguza, benchi lililopungukiwa. Watu wakashusha pumzi. Mmoja akacheka, wengine wakafuata, na askofu naye akacheka kidogo.

"Nimeamini maisha yangu yote kwamba Neno la Mungu halina kosa," askofu akasema, "na leo sijabadilika. Vidole vya Menno ndivyo vyenye makosa. Tuvipange upya."

Wakaanza kuvikusanya vitabu. Na hapo ndipo kaka yangu Ivan akaniponza. Alisimama pale mbele, mrefu, miwani yake ya uzi, na nilimwona anapigana na nafsi yake. Ilikuwa rahisi kwake kunyamaza, maana akinyamaza anapata nafasi nyingine ya kile alichokitamani.

"Askofu, siwezi," akasema. "Jumatatu nilisema mezani kwangu kwamba mkono wa mtu ukiteleza, Mungu anautumia uleule. Nilisema hakuna ajali katika kura. Kama nilikuwa mkweli Jumatatu, kikaratasi hakikupotea. Kimekwenda kilikotumwa." Akanielekezea kidole dirishani. "Kura imemwangukia dada yangu."

Hee! Nikatamani ile ndoo inimeze.

"Mwanamke hahubiri, Ndugu Ivan," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Hilo nalo limeandikwa."

"Limeandikwa," Ivan akajibu.

"Basi moja ya hayo mawili si kweli."

"Yote ni kweli." Akavua miwani, akaivaa tena. "Sijui yanakaaje pamoja. Lakini yote ni kweli."

Wakaanza. Wengine wakasema kura ya Mathiya ilipigwa kati ya wanaume waliotajwa, na Lavina hakutajwa, kwa hiyo si kura bali ni uzembe. Wengine wakasema Yona naye hakutaka, na kura ilimpata vilevile akatupwa baharini. Mtu akamtaja Debora, mwamuzi wa Israeli. Mwingine akamjibu kwamba Debora hakuhukumu akiwa dirishani. Na kisha, kutoka kona ya vijana, nikasikia mtu aliyeniona anauliza kwa nini mimi nilikikalia kitabu beti mbili nzima, na kama kikaratasi kweli kilikuwemo ndani yake, au nilikiiba mapema chumba cha nyuma ili kumwokoa mume wangu. Maneno hayo yakapita benchi kwa benchi, na nyuso zikanigeukia, wala hazikuwa za kucheka tena. Mimi, Lavina Zimmerman, mwenye jibu la kila kitu, sikuwa nalo. Kukikalia nilikikalia.

"Di-di-di—"

Phares alikuwa amesimama.

Wote wakageuka. Nikashika fremu ya dirisha. Kaa chini, mpenzi, nilisema moyoni, kaa chini wasikucheke.

"Di-dirisha," akasema, "l-liacheni. Mke w-wangu hakuiba." Akapumua. Mishipa ilikuwa imemtoka. "Ivan a-anasema kura imemwangukia L-Lavina. M-mzee anasema m-mwanamke hahubiri. Yote y-yameandikwa. Na imeandikwa p-pia kwamba mume na m-m-m—"

Nilifungua kinywa. Nikakifunga. Sijui nilikifungaje.

"—mke ni m-mwili mmoja. Wawili s-si wawili tena. B-basi kura ikimwangukia yeye, i-imeniangukia mimi. Yeye asipoweza k-kusema humu, n-ninaweza mimi." Akaonekana anatafuta kama kuna kingine. "K-kwa shida," akaongeza.

Akakaa.

Hakuna aliyecheka. Askofu Elam alimtazama Ivan, kwa kuwa kila mtu alijua kama kuna mstari wa kupinga jambo lile, Ivan anao. Kaka yangu alisimama akiwa amefumba macho, midomo inacheza, anapekua Biblia nzima kichwani mwake kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo. Tukamngoja. Mwishowe akafumbua macho, na yalikuwa na machozi, na mimi niliyekua naye najua yalikuwa machozi ya nini.

"Sina, askofu," akasema. "Nimetafuta. Sina."

Wale wanaume wengine watatu wakaulizwa kama wanakubali, wakakubali upesi mno. Shemasi akapita upande wa wanaume, kisha upande wa wanawake, kila mtu akanong'ona ndiyo. Hata dirishani alinijia. "Na wewe, dada?" akauliza. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinua uso na ananitazama, ananingoja mimi, na uso wake ulikuwa umefunguka kama sijauona tangu tuoane. Nikanong'ona ndiyo. Sijawahi kusema neno gumu kama lile.

Askofu akamwinua, akambusu busu takatifu, na ikawa imekwisha. Ivan alikuwa wa pili kumbusu, na hakumwachia haraka.

Njiani kurudi nyumbani nilimwaga yote. Kwamba atakufa kwa hofu. Kwamba watamcheka mpaka azeeke. Kwamba mimi nilikuwa nimemwokoa na yeye amekwenda kujitia kitanzini kwa ajili yangu, nani alimwomba? Alisikiliza mpaka tukavuka daraja.

"L-Lavina," akasema, "siku ya z-zizi. Nilikuwa karibu k-kumaliza."

"Kumaliza nini?"

"Sala. I-ilikuwa inakuja. W-wewe ukasema Amina."

Sikusema kitu mpaka nyumbani. Farasi mwenyewe alinigeukia kuona kama bado nipo.

Jumapili ya wiki ya pili alihubiri. Wazazi waliwakanyaga watoto miguu mapema ili wasije wakacheka, na Ivan alimweka kijana wake yule mwigaji katikati yake na ukuta. Phares alisimama, mikono nyuma, bila karatasi. Alikuwa ametuambia wiki nzima kwamba hajui atasema nini, na mimi nilimwandalia mambo kadhaa mazuri jikoni, naye akayasikiliza kwa adabu, hakulitumia hata moja. Alihubiri juu ya yule mwana mpotevu. Alikwenda polepole, akakwama, akatoka, akakwama. Nzi wakazunguka. Kila alipokwama mimi niliuma kitambaa changu, kwa sababu neno nilikuwa nalo, liko kwenye ncha ya ulimi, ningemrushia tu akalidaka. Lakini nilikuwa kanisani, si juu ya ndoo.

Karibu na mwisho akasimulia baba anavyomwona mwanawe yungali mbali. Akasema, "Na b-baba alipomwona, hakumwuliza kitu. K-kwa sababu baba alikuwa m-m—"

Akakabwa. Hiki kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Mishipa shingoni, macho yamefumbwa, kichwa kinatikisika. Mwenye huruma, nikasema moyoni. Baba alikuwa mwenye huruma. Hata mtoto mchanga anajua. Edna kando yangu alikuwa analitamka kimyakimya, mwenye huruma, mwenye huruma, na benchi zima midomo inacheza. Tukangoja. Askofu Elam aliinamisha kichwa. Ndama akalia huko nje, mtu akakohoa, na bado tukangoja, na katika kanisa zima hakuna aliyecheka, hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyesema Amina.

"—m-mpweke," akasema Phares.

Mimi nimeisikia habari ile tangu utotoni, na kila mwaka, na nimeibishania mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Sikuwa nimemwona yule mzee kwenye njia yake hata siku moja. Nikaanza kulia kwa sauti, mbele ya watu wote, Edna akinipiga kiwiko, na sikuweza kunyamaza.